Mafundo Yasiyofunguliwa

Anayeingia sebuleni kwangu Tanga huiona diploma yangu kabla hajaona pa kukaa. Nimeitundika hapo makusudi. Ni ya ushonaji na ubunifu wa mavazi, daraja la kwanza, na hakuna mjomba wala serikali iliyonilipia. Nilishona sare za shule mchana na kusoma jioni mpaka nikaipata. Nyumba yenyewe niliijenga kwa sindano. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu bila karatasi ile ukutani, ile ngozi isingeletwa mezani kwangu, na mtu mmoja angekuwa bado amefungiwa ndani ya kabati la kioo, Johannesburg, juu ya chupa za pombe.

Mwaka 2017 nilikuwa na nusu ya duka Malvern, mashariki mwa Johannesburg, kando ya Jules Street. Nusu ya pili ilikuwa ya msusi wa Kikongo kutoka Bukavu. Katikati yetu palikuwa na pazia la maua ambalo halikuzuia kitu, si harufu ya dawa zake za nywele wala kelele za cherehani zangu. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, ijapokuwa alinizidi umri. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu anayejisifu kama mimi lazima awe mkubwa wa mtu fulani.

Nilishona magauni ya maharusi wa Kikongo, kanzu za Watanzania wenzangu waliokuwa na biashara Newtown, suti za wachungaji wa makanisa ya katikati ya mji. Wachungaji ni wateja wagumu kuliko maharusi. Kisha klabu moja ya raga, kongwe, yenye uwanja wake upande ule ule wa mashariki, ikaanza kuniletea jezi zilizochanika. Nilizirudisha zikiwa imara kuliko zilivyotoka kiwandani. Mwenyekiti wa klabu, Mzungu mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini, akaja mwenyewe kuniona. Alisimama mbele ya diploma yangu, wakati huo imetundikwa dukani, akaisoma yote, hata saini.

"Kwa hiyo hushoni vishimo tu," alisema.

"Mimi ni fundi," nikamjibu. "Vishimo nashona kuwasaidia ninyi."

Alicheka kidogo. Safari iliyofuata alikuja amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza, akakiweka mbele yangu polepole kama anayemlaza mtoto.

Lilikuwa vazi la kiunoni la mpiganaji wa Kizulu. Nyuma lilikuwa na ngozi ya ndama, ya kahawia yenye mabaka meupe, ile wanayoiita ibheshu. Mbele ilining'inia mikia myembamba iliyosokotwa. Vyote vilishikwa na mikanda ya ngozi iliyokauka kama ukuni, na upande wa ndani mtu alikuwa amelishonea bitana ya kitambaa kizito chekundu.

"Zawadi," mwenyekiti alisema, akanitajia bonde lilikotoka. "Chifu mmoja alimpa babu wa babu yangu wakati wa vita vya zamani, walipopatana. Babu huyo ndiye aliyeanzisha klabu yetu. Limekaa ndani ya kioo, kwenye baa yetu, tangu hapo. Mwaka huu tuna jubilei, na nataka livaliwe."

"Na nani?"

"Na Mpiganaji wetu."

Akanieleza desturi yao. Kila mwaka, mwezi wa Juni, kabla ya mechi yao kubwa, Mwafrika mmoja aliyevaa ngozi hukimbia uwanjani na ngao na mkuki wa mbao. Anacheza, anawatisha wageni, watu wanapiga makofi. Kisha nahodha wa klabu anamfuata na mpira, anamgusa nao kifuani, naye anaanguka chali kwenye mstari wa katikati. Nahodha anamruka, timu nzima inamruka, firimbi inapigwa. Mpiganaji hubaki amelala pale mpaka mpira utakapotoka nje kwa mara ya kwanza, ndipo anapoinuka na kuondoka.

"Ni jambo la heshima," mwenyekiti alisema. "Tunamheshimu kama adui hodari. Anza kazi. Ila shona kwa nje tu. Bitana iache ilivyo. Babu yangu alikuwa akisema ikifunguliwa, ngozi itasambaratika."

Nikasema sawa. Lakini nilijua, kama fundi yeyote anavyojua, kwamba nguo haitengenezwi kwa nje.

Kwanza nilikwenda kumpima mvaaji. Alikuwa mtunza nyasi wa klabu, mzee wa Kizulu aliyeishi katika chumba kimoja nyuma ya jukwaa la watazamaji. Wote walimwita Mkhulu, babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Ilikuwa mwanzo wa baridi, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Nyasi za nje ya uzio zilikuwa zimechomwa na vumbi la njano lilitoka kwenye milima ya taka za migodi likatua juu ya kila kitu. Uwanja peke yake ndio ulikuwa kijani.

"Wewe ndiye kwerekwere wa sindano?" aliniuliza. Hilo ndilo jina wanalotuita wageni, na lina sumu yake, lakini yeye alilitamka kama anayetaja kabila.

"Ndiye, Mkhulu."

"Wa Malawi?"

"Tanzania."

"Yote iko kule juu," akasema, akainua mikono nimpime kifua. "Nasikia huko kwenu hamchezi raga."

"Hatuchezi. Tuna akili."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu, bila kuombwa, akanionyesha jinsi anavyoanguka. Alisimama katikati ya chumba, akagusa kifua chake kwa kiganja, macho yakageuka, goti moja likalegea kabla ya lingine, na akashuka juu ya godoro bila kishindo.

"Wengine huanguka kama gunia," alisema akiwa chini. "Mimi huanguka kama mtu. Wageni huuliza kama nimeumia."

"Unaipenda kazi hiyo?"

Alikaa kitako akafunga vifungo vya koti lake. "Nilipokuwa kijana nilipiga mpira kuliko wote hawa. Nyasi nilizikata mimi Jumatatu, nikazimwagilia, nikazichorea mistari Ijumaa. Jumamosi zikawa zao. Sheria ilikuwa hivyo. Mtu kama mimi alipata njia moja tu ya kukanyaga hapa Jumamosi. Kuanguka. Basi nikaanguka. Sheria ikaondoka, mimi nimeshazoea."

Mwenyekiti alikuwa amemwahidi kwamba akianguka siku ya jubilei ndani ya vazi halisi, chumba kile kitakuwa chake hadi mwisho wa maisha yake. Vinginevyo klabu ilitaka kukibomoa ipate mahali pa kuegesha magari. Aliniambia hayo huku ananisindikiza mlangoni. "Kwa hiyo lishone vizuri, mwanangu. Nataka kufa mara hii moja iwatoshe."

Bitana niliifumua siku iliyofuata, uzi kwa uzi, kwa wembe. Ilikuwa imeshonwa na mtu asiyejua kushona lakini mwenye nia kali. Mishono mikubwa, imebanana, imerudiwa juu ya mishono mingine. Mtu anayefunika kuzuia baridi hashoni hivyo.

Ilipotoka, msusi wa Kikongo alichungulia kutoka upande wake wa pazia.

"Yaya, hii kitu iko na nuka."

"Ni ngozi ya zamani."

"Hapana. Ngozi ya zamani minajua. Hii iko na nuka ya mutu."

Mimi nilikuwa natazama mikanda. Kwanza nilipima kiuno, na nikarudia, maana sikuamini. Mimi nimevalisha watu wengi. Nguo ikiwa mkononi mwangu naujua mwili ulioivaa. Vazi hili lilivaliwa na mtu mwembamba, nyonga bado nyembamba, mkanda umesuguliwa zaidi upande wa kulia pale alipozoea kupumzishia kitu. Si chifu wala mtu mzima mwenye wake na mifugo. Kijana ambaye mabega yake yalikuwa hayajamaliza kupanuka.

Kisha nikaona mafundo. Mikanda ya vazi lile hufungwa ubavuni, huku na huku. Mafundo yote yalikuwa bado yamefungwa. Yalikuwa mafundo mazuri, yamekazwa kwa uangalifu, yamepindwa ncha zikaingizwa ndani zisipepee mtu akikimbia. Hakuna aliyeyafungua tangu alipoyafunga mwenyewe. Mikanda ilikuwa imekatwa kando yake, kwa kisu, mkato mmoja kila upande.

Anayetoa zawadi nguo yake ataifungua. Anayevua nguo ya mtu aliyelala, asiyeweza kuinua kiuno ili kumsaidia, hukata. Na ngozi iliyozunguka mkato wa kushoto ilikuwa nyeusi, ngumu, imekunjamana, kama ngozi iliyolowa kitu kikakauka nayo bila kuoshwa.

Nilimwita msusi nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, mikono yake imejaa mafuta ameiweka mbali na mwili.

"Alikuwa mutoto wa mutu," alisema mwishowe. "Na banamuweka mu baa?"

"Juu ya chupa."

"Toa hii kitu hapa, yaya. Bateja yangu batanihama." Lakini hakurudi upande wake. Alibaki amesimama pale, na baadaye niliona amewasha mshumaa karibu na kioo chake.

Wenzangu wawili niliowaambia walisema nirudishe bitana, nikusanye ujira wangu, ninyamaze. Ushauri ulikuwa mzuri. Mwaka ule maneno mabaya dhidi ya wageni yalikuwa yanapita Jules Street kila wiki. Mara wanakuja Jumatatu, mara wanakuja mwisho wa mwezi, na kila tetesi ikifika tulishusha milango ya chuma tukasubiri. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa cha kubembelezwa. Mgeni katika hali ile haanzi ugomvi na Mzungu mwenye uwanja. Lakini mimi si fundi wa kushona juu ya jambo nisilolisema kwa mvaaji. Mtu akivaa kazi yangu anajua alichovaa.

Nikalipeleka kwa Mkhulu ndani ya mfuko wa nguo. Sikueleza mengi. Nililitandaza kitandani kwake, upande wa ndani juu, nikamwonyesha mafundo, kisha mikato. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini. Akaweka kidole gumba juu ya fundo la kulia, akakiacha hapo.

"Umri gani?"

"Hajaota ndevu, Mkhulu."

"Walisema limetoka wapi?"

Nikamtajia bonde alilonitajia mwenyekiti. Mzee akafumba macho. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kilima kutoka bonde hilo. Ng'ombe wao walikunywa mto ule ule. Alitoka nje akasimama kwenye ukingo wa uwanja, mgongo umenielekea. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimekufa mbele yake miaka yote hii," alisema. "Wakimaliza mechi wananiita baa wananipa bia, naye yuko pale juu ananitazama."

Akanieleza desturi ambayo wenyeji wa Johannesburg wanaijua na sisi wageni tunaishangaa. Mtu akifa mbali na kwao, roho yake hubaki palepale alipofia, au pale alipowekwa, mpaka jamaa aende kumchukua. Mchukuaji hubeba tawi la mti wa miiba uitwao umlahlankosi. Anamwita marehemu, anamwambia twende, na roho inapanda juu ya tawi. Tangu hapo mchukuaji haongei na mtu mwingine yeyote. Anaongea na aliyembeba tu: sasa tunavuka barabara, sasa tunapanda gari, sasa tunapita daraja. Katika teksi, yaani daladala za huko, anamlipia kiti chake. Akimjibu mtu mwingine njiani, aliyebebwa hupotea.

"Huyu hajachukuliwa," Mkhulu alisema. "Nani angemchukua? Hawakujua yuko wapi."

"Klabu haitakupa."

"Sitaiomba." Akanitazama. "Unaweza kutengeneza lingine? Hasa kama hili?"

Ningeweza kusema hapana. Nilijua kitakachosemwa nikikamatwa: kwerekwere ameiba mali ya historia. Lakini alikuwa ameuliza kama naweza, na swali hilo sijawahi kulijibu vingine.

"Hata wewe hutayatofautisha," nikasema.

Ngozi niliipata karibu na stendi ya teksi za mjini, kwa wauza ngozi na dawa za miti shamba. Nilipekua mafungu mpaka nikaona ndama wa kahawia mwenye mabaka meupe karibu mahali panapotakiwa. Mabaka yaliyokosekana aliyatengeneza msusi. Nilimbembeleza wiki nzima. Mwishowe alivaa glavu zake, akachanganya dawa yake ya kufanya nywele kuwa za rangi ya dhahabu, akaipaka ngozi ya ng'ombe kwa brashi kama anamhudumia bibi harusi.

"Nimesuka babibi ba mapasta," alisema. "Nimesuka mufu mbili. Ng'ombe ndiyo mara ya kwanza."

"Atakuwa mrembo."

"Nyamaza, yaya. Usichekeshe mutu akiwa na dawa mukononi."

Niliizeesha ngozi kwa chai kali na moshi wa makaa, nikaikunja na kuikunjua mpaka ikachoka. Nilisokota mikia. Nilifunga mafundo yale yale, nikaingiza ncha zake ndani, nikakata mikanda kando yake kwa kisu, mkato mmoja kila upande. Hata ule weusi niliuweka. Kisha nikarudishia juu yake bitana yao nyekundu, kwa mishono mibaya ile ile ya yule asiyejua kushona, katika matundu yale yale. Nimeshona gauni la harusi lenye mkia uliojaza mlango wa kanisa. Halikuifikia kazi hii.

Mwenyekiti alikuja kuitazama kabla ya siku. La kweli lilikuwa chini ya meza, ndani ya mfuko, karibu na viatu vyake. Aliinua langu kwa mikono miwili, akaliweka puani akavuta pumzi.

"Ndiye," alisema. Hakusema ndilo. "Nilipokuwa mdogo baba alininyanyua nimguse kabla ya kila mechi. Ili nisiogope." Akapitisha kidole juu ya bitana, polepole, mshono kwa mshono. "Hukuifungua, nadhani."

"Ulisema nisiifungue."

"Nilisema." Alitazama mlango wetu wa chuma, ambao asubuhi ile mtu alikuwa ameuandika kwa rangi kwamba tuondoke. "Mtaa wenu umechafuka siku hizi. Mtu mwenye kazi nzuri anahitaji marafiki." Akaliacha mezani nilibebe mwenyewe siku ya mechi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mkhulu angevaa langu, angeanguka, angepata chumba chake, na mimi ningerudisha langu ndani ya kioo. La kweli lingeondoka taratibu kwenye teksi ya mpwa wake, iliyosubiri nje ya geti.

Siku ya jubilei watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Katika chumba cha kuvalia tulikuwa wawili tu. Nilimpa langu, lenye kamba nilizoliongezea kwa kipimo chake. Hakulipokea.

"Nipe yeye."

"Mkhulu, hatukukubaliana hivyo. Na halitoshi kiunoni mwako."

"Ongeza kamba." Alikuwa tayari ameegemeza mkuki wa mbao ukutani, na mkononi mwake mlikuwa na tawi la miiba, majani yake madogo bado mabichi. "Ukimchukua mtu unamchukua kutoka mahali alipowekwa. Amewekwa hapa. Siwezi kumtoa kwa mlango wa nyuma, ndani ya mfuko."

"Na chumba?"

Hakunijibu. Nilifikiri ananidharau, kisha nikaelewa kwamba alikuwa ameshaanza. Midomo yake ilicheza. Alikuwa anaongea, lakini si nami. Nikamfunga vazi kwa vipande viwili vya ngozi mpya, nikaingiza ncha zake ndani.

Aliingia kwenye nyasi akitembea. Watu walimpigia makofi wakisubiri akimbie. Hakukimbia. Alitembea hadi mstari wa katikati akasimama, ameinua tawi, akasema kitu ambacho upepo uliondoka nacho. Makofi yakapungua. Mtu akapiga mluzi. Nahodha, kijana mwenye shingo nene, akatabasamu, akakimbia na mpira akamgusa nao kifuani.

Mkhulu hakuanguka.

Nahodha akamgusa tena, kwa nguvu zaidi. "Anguka, Mkhulu," nilimsikia akisema, si kwa ubaya, kama anayemkumbusha mtu aliyesahau. Mzee akamzunguka kama unavyozunguka mti. Alivuka nusu ya pili ya uwanja akiongea kwa sauti ya chini, akateremka kwenye mstari wa chokaa alioupaka mwenyewe jana yake, akapita kati ya watu. Waliokuwa karibu walimpisha wakicheka. Waliofuata walimpisha bila kucheka. Mlinzi wa geti alimuuliza anakwenda wapi, kisha akaliona tawi. Naye alikuwa Mzulu. Akavua kofia akafungua geti.

Mwenyekiti alinifikia kabla vumbi la teksi halijatulia. Uso wake ulikuwa mweupe kuzunguka mdomo.

"Ameondoka na ngozi."

"Ngozi iko hapa," nikasema, nikafungua mfuko wangu. "Ile aliyovaa ni ya sokoni. Halisi sikumpa, mikanda ilikuwa inapasuka. Ningeruhusuje?"

Aliichukua. Watu walikuwa wanatutazama. Akaiinua juu wote waione, wakashangilia, firimbi ikapigwa, na mechi ikaanza bila mtu wa kuruka.

Jumatatu vitu vya Mkhulu vilitolewa nje ya chumba. Nilivipata kwenye nyasi zilizochomwa, godoro, sufuria, koti. Nilimpelekea kwa teksi ziendazo kwao. Yeye alipiga simu kwa namba ya mpwa wake. Alisema amefika. Walimwingiza yule kijana zizini, mahali pa mizimu ya nyumba, kama mtu wa nyumbani, wakachinja mbuzi, na wazee wa bonde lile walibishana siku nzima kuhusu jina la kumwita, maana koo nyingi zilipoteza vijana. "Kila ukoo ulimtaka," alisema. Nilimuuliza kuhusu chumba. Alisema analala kwa kaka yake, paa linavuja, kisha akauliza kama nyasi zimemwagiliwa.

Mwenyekiti alirudi dukani siku chache baadaye. Safari hii alifunga mlango nyuma yake. Upande wa pili wa pazia kikaushio cha nywele kilizimwa.

Aliweka kazi yangu mezani. Bitana ilikuwa imefumuliwa.

"Mafundo ni mazuri sana," alisema. "Mikato pia. Hata damu. Lakini nilimfungua mara moja nikiwa kijana, baba alipokufa. Ngozi ya mkanda wake ilikuwa inakatika ukiigusa. Hii inapinda."

Alijua. Alijua tangu ujana wake, na bila shaka aliwanyanyua wanawe nao wakamgusa.

"Siendi polisi," akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Wataniuliza kilichokuwa ndani, na nitalazimika kuwaambia. Wewe huendi popote, kwa sababu utaitwa mwizi. Kwa hiyo tunaelewana." Alinitazama kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama mimi ninavyowatazama wateja. "Hakuna Mzulu atakayekubali sasa, habari zimesambaa. Wewe ni mrefu. Mwembamba. Ngozi yako itafaa. Kutoka jukwaani nani atajua ni Mtanzania?"

Aliinua mkanda, akaupitisha kiunoni kwangu kabla sijarudi nyuma. Ulinitosha. Ulinitosha bila zile kamba nilizomwongezea Mkhulu.

"Mimi hupima watu, Mwenyekiti," nikasema. "Sipimwi."

"Kaa nalo mpaka Juni," alisema. "Ulizoee." Akaondoka akiliacha mezani.

Majirani zangu hapa Tanga hufikiri nilikimbia fujo za mtaani. Sikukimbia; nilifunga biashara iliyokuwa inakwenda vizuri, nikasafirisha cherehani zangu zote, nikarudi na mtaji. Vazi nililiacha limetundikwa kwenye msumari. Msusi hakutaka kuligusa, na siku moja watu wa klabu walikuja wakalichukua.

Mwaka uliofuata msusi alinipigia. Tuliongea kuhusu bei za nywele na wanawe wanaomjibu Kizulu akiwauliza Kiswahili. Kisha akaanza habari nyingine.

"Yaya, wale bantu ba raga bamepata mutu."

"Nani?"

"Kijana wa Burundi. Analinda magari pale kwenye roboti, kwenye taa ya barabara. Alikuja kwangu kunyoa, akafurahi sana, anasema bamemupa chumba."

"Chumba gani?"

"Nyuma ya jukwaa. Hawakubomoa."

Nilimuuliza kama alimwambia kilicho ndani ya bitana. Alisema alimwambia yote, akiwa ameshika wembe shingoni kwake, na kijana akacheka, akasema ngozi ni ngozi, yeye ametoka kwenye mambo mabaya kuliko ngozi.

"Vazi linamtosha?"

"Yeye ni munene. Bameongeza mukanda."

"Nani ameongeza?"

"Sijui, yaya. Fundi mwingine."

"Ameshona mkono au cherehani?"

"Sijui." Nilisikia mlio wa mkasi wake. "Nilikwenda kumuona siku ile, nilisimama kwa fensi. Alianguka vibaya, kama gunia. Bazungu bakamurudisha aanguke tena."